Nungunungu Alivyoshindana Bei na Fuko

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge? Haya, inawafaa. Hadithi ya leo haichekeshi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipochoka kutembea, Nungunungu alitengeneza magari ya umeme. Magari mazuri, msidharau. Yalikwenda nyiii, nyiii, bila moshi. Karakana aliachiwa na mama yake, na humo humo nyuma alilala na mkewe na watoto. Hawakuwa na kwingine.

Sasa, gari la umeme ni betri, na betri hutaka mawe meusi. Mawe hayo alikuwa nayo Fuko peke yake, huko chini ya ardhi anakoishi. Nungunungu akinunua kwa Fuko, akitengeneza, akiuza. Maisha yakaenda.

Siku moja Fuko naye akafungua karakana ng'ambo ya mto. Kwaru kwaru, anachimba. Ko ko ko, anagonga. Gari lake nusu bei! Wanyama wote wakavuka mto.

Nungunungu akawaka. Akasema Fuko anamchokoza, na yeye atashusha vilevile. Mkewe akamshika mkono.

"Baba watoto, mwenzako mawe anayatoa chini ya kitanda chake. Wewe unayanunua kwake. Utashushaje?"

"Nikiuza mengi, wingi utafidia."

Wingi utafidia! Jamani, kama kila gari lina hasara, ukiuza mengi si ndiyo unazama? Lakini alishapandwa na hasira, hasikii.

Akashusha. Wanyama wakarudi mbio. Uwanja ukajaa swala na nyumbu, wanasukumana, wanampongeza. Mkewe analia, maana kila gari likitoka, kitu cha ndani kinauzwa kulipia mawe. Likatoka kabati. Kikatoka kitanda. Yakatoka mabati ya paa, watoto wakanyeshewa. Na mawe akinunua kwa nani? Kwa Fuko yuleyule.

Vitu vilipokwisha akayakopa, na mwisho Fuko akaja kuichukua karakana kwa deni hilo la mawe. Hakumtukana mtu. Alisema tu, "Ningekupa kazi, ila mafundi ninao."

Nungunungu akatoka na mkewe na wanawe kwa miguu. Wateja wake wakawapita barabarani, hakuna aliyesimama. Kesho yake Fuko akapandisha bei, juu kuliko ile ya Nungunungu ya mwanzo. Wakalipa, maana fundi mwingine hakuwapo.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: usishindane bei na mwenzio kabla hujajua kitu kinamgharimu nini yeye. Hadithi yangu imeishia hapo, na huzuni yake mgawane.