Sungura na Wapangaji wa Tumbo la Nyati

Hili nisipolisema litaniwasha kooni, kwa hiyo kaeni niwaambie. Mwaka huo mvua iligoma. Majani mabichi yaliisha porini, yakabaki mabua makavu, magumu kama fagio la zamani. Wanyama walikonda, na Sungura akakonda kuliko wote. Nyumbani alikuwa na watoto saba wachanga, na mkewe maziwa yalishakauka. Alitafuna mabua mpaka taya zikamuuma, lakini yalivyoingia ndivyo yalivyotoka.

Nyati peke yake alizidi kunenepa. Ngozi inang'aa, mkia unacheza! Sungura akaona hilo si bure, akamwendea.

"Shikamoo, mjomba. Unakula nini ambacho wenzio hatukijui?"

"Marahaba, mpwa wangu. Nakula mabua kama nyinyi. Ila tumboni nina wapangaji."

Akapanua mdomo amwonyeshe. Sauti nyembamba ikafoka kutoka ndani, "Funga, Nyati! Hewa inaingia, utatuua!"

Aliyefoka ni Bi Kitumbo, mkubwa wa vijidudu waliokaa humo. Nyati hakujua kuficha jambo, akaeleza yote. Vijidudu wale hupenda giza, joto na majimaji. Hewa kwao ni sumu. Mabua yakiingia huyashambulia, wakayalainisha, na makombo yao ndiyo yanayomnenepesha mwenye nyumba.

"Kero yao moja tu," akasema Nyati. "Wanajamba kutwa, na lawama napata mimi."

Na kuoana, jamani, hawaoani! Mmoja akishiba hujigawa, wakawa wawili. Hakuna posa, wala shangazi wa kununa.

Sungura angeomba, angepewa. Lakini kuomba aliona ni kazi ya wajinga. Nyati aliposinzia mchana huku akicheua, Sungura akachota mdomoni mwake donge lililojaa vijidudu, akalishindilia kwenye kibuyu mpaka pomoni, akakiziba kwa nta.

"Wewe masikio!" Bi Kitumbo akaita humo ndani. "Umetubana vizuri, hatuna neno. Ila usitufungue ovyo. Ukifungua, tumeze papo hapo."

Alipofika nyumbani, mkewe akamwambia, "Meza basi, baba watoto. Ukipata nguvu nasi utugawie."

"Nimeze hapa jikoni? Nani atanisifu?"

Akakibeba kibuyu mpaka barazani kwa Simba, wanyama wengi wakiwa wamekusanyika.

"Umeleta nini, kibushuti wewe?" Simba akauliza.

"Mfalme, kwa akili zangu mwenyewe nimepata dawa ya kunenepa. Wako humu, wageni wa heshima."

"Wageni gani wanafungiwa?" Simba akanguruma. "Kwenye baraza langu mgeni hufunguliwa mlango, akapepewa. Ama kwenu hakuna adabu?"

Sungura kuambiwa hana adabu mbele za watu! Akaibandua nta, akatwaa upepeo wa ukili, akawapepea wageni kweli kweli. "Karibuni! Pungeni upepo, jisikieni mko kwenu!"

"Yarabi, hewa!" Bi Kitumbo akalia. Kisha kimya. Hata mmoja hakupona, na kibuyu kikaanza kunuka.

Fisi akajipenyeza mbele. "Kama hamli, nipeni mimi." Akalibugia donge zima, akalamba na kibuyu. Hakunenepa hata kidogo.

Nyati naye, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akanusanusa. "Kibuyu hiki mbona kinanuka kama mdomo wangu?"

Baraza zima likamgeukia Sungura. Mbio alikuwa nazo, lakini akawakumbuka watoto saba. Akaketi chini, akaanza kujicheka.

"Nichekeni, jamaa zangu, hata mimi najicheka. Masikio marefu kama majani ya mgomba, nimeonywa na sikusikia. Nimeiba wageni wa mjomba, nikawaua kwa adabu!"

"Ungeniomba ningekupa," Nyati akasema.

"Nikiomba, mjomba, nitajiitaje mwerevu?"

Nyati akacheua donge jingine. "Fumba macho, upanue mdomo. Nakulisha mwenyewe."

Basi mwerevu wa pori akalishwa kama kitoto cha ndege, mbele ya Simba, wenzake wakishika mbavu. Akameza bila kutafuna.

Wapangaji walikubali kukaa, lakini tumbo lile lilikuwa dogo. Wakapanga chumba cha nyuma, karibu na mlango wa kutokea. Chakula kikiiva tu, kimeshatoka nje! Ndiyo maana Sungura hulazimika kula kinyesi chake mwenyewe, kile laini, ili apate walichompikia. Wapangaji wengine akamgawia mkewe, kama alivyoombwa. Maziwa yakarudi, watoto wote saba wakapona.

Siku ya kwanza mkewe alimkuta amejikunja kichakani, mashavu yamejaa.

"Unatafuna nini, baba watoto?"

"Akili zangu, mama."

Akili nyingi huondoa maarifa.