Kikapu cha Mbodze

Zamani hizo, wazee wetu wakingali wanakula vya kuchoma tu, maji yalikaa kibuyuni na chungu hakikuwa hata na jina. Palikuwa na ndugu wawili wa kike, Mbodze na Dama, waliokaa na mama yao mzee.

Mbodze, yule mkubwa, alikuwa msusi. Mitindo ya vikapu vyake haikuwa imeonwa na mtu. Ilimjia tu vidoleni. Dama, maskini, hakuweza kusuka hata ukili mmoja wa kikapu ukanyooka, lakini hakuona kitu asiulize kingeweza kufanya kazi gani nyingine. Majirani walimcheka. Mama aliwajibu kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Basi mama akaishiwa meno. Mahindi ya kuchoma yakamshinda, unga wa maji baridi ukamuumiza tumbo, akawa anakonda mbele ya macho yao.

Dama akawaza: itakuwaje unga ule ukipata moto? Lakini kibuyu kingeungua. Akakandika udongo ndani ya kikapu cha kawaida, akakiweka motoni. Kikafumuka, udongo ukabomoka. Akajaribu kingine, mambo yakawa yaleyale. Kikapu kilichobana sawasawa kilikuwa kimoja tu, kile Mbodze alichojisukia kwa arusi yake, chenye mtindo ambao mwenyewe hakuweza kuurudia.

Alipoombwa, Mbodze alikasirika, akampa mdogo wake mgongo hadi jioni. Kisha akamsikia mama akijaribu kutafuna, akitema. Akakileta mwenyewe.

Wakakikandika, wakaacha udongo ukauke, wakakichoma. Kikapu kikaungua chote. Mbodze alilia bila kuficha. Dama alipofuta majivu, wakaona udongo umekuwa mgumu kama jiwe, na mtindo wote wa kikapu umebaki mgongoni mwake. Uji wa kwanza ukachemka humo, wenye mabonge, maana mkorogaji alikuwa Dama. Mama akanywa, akakipapasa chungu.

“Kikapu chako hakikupotea, mwanangu,” akamwambia Mbodze. “Kimehamia kwa mdogo wako.”

Na tangu siku hiyo, mfinyanzi hachomi chungu kabla ya kukizungushia shingoni alama ya ukili. Haiongezi utamu, wala haizuii kuvuja. Na uji wa kwanza wa chungu kipya hupelekewa msusi, hata kama nyumba yake iko mbali, na hata kama una mabonge.