Ruwaza Iliyokataa Herufi Ndogo

Hapo zamani, si zamani za mababu, ni zamani za juzi tu simu zikiwa zimekwisha kufika vijijini, watu watatu walitengeneza programu ya kuwapelekea gari akina mama wenye uchungu wa kujifungua. Mama anatuma neno UCHUNGU na jina la kijiji. Mashine inasoma, inaita gari.

Nasibu alitunga ruwaza, yaani alama zinazoielekeza mashine ipokee ujumbe upi. Akachoka. Akamwambia Mwanahawa, kwa mdomo tu, kwamba akiigeuza kuwa lugha ya mashine aweke agizo la kupokea herufi kubwa na ndogo sawasawa.

Mwanahawa akaigeuza. Naye alikuwa amechoka, mwanawe ana surua. Agizo akalisahau.

Ruwaza ikishageuzwa, haisomeki tena kwa macho. Lakini maktaba ya programu, yaani zana zile zile zilizoigeuza, inakuruhusu kuiuliza: ina sehemu ngapi? Iligeuzwa kwa maagizo gani? Kazi ya kuuliza ilikuwa ya Chausiku. Akauliza sehemu, akajibiwa mbili: neno na kijiji. Ndivyo ilivyotakiwa. La maagizo hakuliuliza. Macho yalimuuma, akasema inatosha.

Magari yakaenda, watoto wakazaliwa. Kisha Siwema wa Kivumoni akaandika kwa herufi ndogo. Akasubiri. Akaandika tena. Mashine kimya. Mama mkwe akamzalisha kadiri alivyoweza. Siwema alipona; mtoto hakulia.

Habari zilipofika, Chausiku akaiuliza ruwaza lile swali alilolipita. Jibu likaja papo hapo: agizo halimo. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Hata nguvu za kulaumiana hawakuwa nazo.

Mume wa Siwema akapiga simu. Hakutaka kesi, alisema. Mkewe alikuwa anauliza kwa nini. "Aje mmoja amwambie. Mkija wote mtamchosha."

"Niende mimi," akasema Nasibu. "Jambo la uhai nililiachia mdomo, sikuliandika."

"Wewe ulisema, mimi nikasikia," akasema Mwanahawa. "Aliyesikia ndiye mwenye kujibu."

Chausiku alikuwa ameinamisha kichwa. "Nyinyi mlisahau. Mimi niliwekwa pale kwa sababu watu husahau."

Wakatazamana, na kule Kivumoni Siwema anangoja. Haya, nyinyi mlionisikiliza: kati ya hao watatu, ni nani aliyestahili kwenda kumtazama machoni?