Mfyeka Kichaka cha Fisi

Uuuu-wip! Sauti ya fisi ilitoka ng'ambo ya korongo, na vijana waliokuwa wakipura mtama wakasimamisha fimbo zao hewani.

"Mfyeka kichaka cha fisi, ampishe zizini," akasema Bibi Mbeleje, macho yake yakiwa kwenye ungo. Walipomuuliza maneno hayo yametoka wapi, aliwaeleza chanzo chake.

Zamani, papa hapa, aliishi Mamlewa na mumewe, Chiwanga. Binti yao alifariki katika uzazi, akawaachia kichanga, Mwaluko. Ukame ulikuwa umewakausha mbuzi wote isipokuwa mmoja, na maziwa ya huyo mmoja ndiyo yaliyokuwa uhai wa mtoto.

Chiwanga alitaka shamba jipya. Akafyeka nusu ya kichaka cha korongoni, akaitia moto. Digidigi na sungura wakahama. Fisi hawakuhama, kwani watoto wao walikuwa bado mashimoni. Ila maficho yalipungua na mawindo yakawaishia. Kila jioni Mamlewa alisikia mlio ukisogea: leo korongoni, kesho kisimani, keshokutwa nyuma ya ukuta. Usingizi ukamhama. Akawa anakesha akipapasa shingo ya mbuzi.

Alfajiri moja, baada ya kupitiwa na usingizi, alikuta ua wa miiba umetobolewa, na mbuzi anachechemea, paja linachuruzika damu. Chiwanga akanyakua panga na kijinga cha moto.

"Leo namaliza kichaka chote! Tuone watalala wapi."

"Si umekwisha kuona? Umechoma nusu, wamefika zizini. Choma nusu iliyobaki, utawakuta kitandani."

"Unamtetea fisi! Kwani ni mjomba wako?"

"Angekuwa mjomba angebisha hodi."

Kisha Mamlewa akamsukumia Mwaluko kifuani, hata Chiwanga akalazimika kuangusha panga na kijinga ili ampokee.

"Mshike, basi. Mbuzi huyu akiliwa, tutamkamua nani? Wewe?"

Mtoto akalia, akitafuta ziwa kwenye kifua kikavu cha babu yake. Chiwanga alitazama damu, akatazama kichaka kilichobaki. Akakikanyaga kijinga mpaka kikazimika.

"Mume mwenzangu," akamwambia mjukuu wake, "nakuahidi, mama yako huko aliko anasikia: kichaka kile sitakigusa tena, na nilipochoma nitapaacha paote. Mfyeka kichaka cha fisi, ampishe zizini. Nami sitampisha akufikie wewe."