Mkate Alioung'ata Hulkar

Nina watu watatu na mkate mmoja mkavu. Nitawaeleza walivyo, kisha mniamulie, maana wenyewe walishindwa.

Galina alikuwa na kumbukumbu. Neno likishaingia kichwani mwake halikutoka. Sobit, mwalimu wa Kirusi, alijua kupima maneno. Bibi Hayriniso alikuwa na sauti, na nusu ya mtaa wake mjini Margilan, Uzbekistan, ililala utotoni kwa nyimbo zake.

Aliyewakutanisha ni Hulkar, binti wa Bibi na mke wa Sobit. Aliwatungia watoto mashairi kwa Kiuzbeki, na ya watoto wa nchi nyingine akayatafsiri, ili shomoro wa huku, alivyopenda kusema, wajue kunguru wa kule wanapigia kelele nini. Alipougua na kupelekwa hospitalini Tashkent, mji mkuu, alifanya kama wasafiri wa kwao: aling'ata tonge moja tu la mkate mzima, uliobaki ukatundikwa ukutani umngoje. Anayeung'ata hurudi kuumaliza. Binti yake, Munis, ndiye aliyewashikia msumari.

Hulkar hakurudi. Munis akaacha kula. Akiwekewa chakula alisema, "Mama hajamaliza wake," na uso ukazidi kukonda.

Galina alikuwa mgonjwa wa kitanda cha jirani kule hospitalini. Vidole vya Hulkar vilikuwa vimeshindwa kalamu, kwa hiyo shairi lake la mwisho alimwambia Galina kwa mdomo, kwa Kirusi, lugha pekee aliyoijua jirani yake.

"Na la Kiuzbeki?" Galina aliuliza.

"Hilo nitamwambia binti yangu mwenyewe."

Akafa nalo. Galina, mshono wake wa upasuaji haujapona vizuri, alipanda treni akilirudia njia nzima, akalifikisha bila kuangusha neno.

Sobit alilirudisha katika Kiuzbeki. Alitupa kila neno ambalo mkewe asingelitumia mbele ya mtoto, hata likabaki hivi:

Shomoro kang'ata punje,
Nusu kaacha tunduni;
Upepo, usiivunje,
Mwenyewe yu safarini.

Alipomsomea Munis, mtoto aligeukia ukuta.

Ndipo Bibi akalichukua. Alilitia mahadhi ya wimbo aliombembelezea Hulkar mchanga, akauimba asubuhi akikanda unga. Munis alisogea, akasikiliza hadi mwisho. Mkate ulipotoka tanurini alimega kipande, akala.

Bibi akautungua mkate wa ukutani. "Hulkar amerudi," alisema. "Huu ni wa aliyemrudisha. Nami ndiye."

"Ungeimba nini, mama, kama nisingekuja?" Galina aliuliza. Sobit alikuwa akiwatafsiria huku na huku, bila kupunguza ukali.

"Mwambie alileta, ahsante. Hata posta huleta."

"Na mimi?" alisema Sobit. "Kila neno la Kiuzbeki mle ndani nimelitafuta mimi."

"Ndiyo shida yenyewe, mkwe wangu. Maneno ni yako, nawe unatuambia ni ya marehemu. Alipokuwa hai ulimsahihishia nukta tu."

Hilo Sobit hakulitafsiri. Galina alimtazama usoni, akaelewa.

Munis alikuwa mlangoni. "Kama Mama amerudi," alisema, "mbona mnagombania mkate wake?"

Bibi akautundika tena pale pale. Galina alirudi kwao na treni ya jioni. Sobit alimsindikiza hadi kituoni. Munis anakula siku hizi, ila hukaa akiupa ukuta ule mgongo.

Sasa semeni. Pasipo Galina, shairi lingezikwa. Pasipo Sobit, mtoto asingelielewa. Pasipo Bibi, asingelisikiliza. Wala msiniambie wagawane: mkate ule umeshagawanywa mara moja, na aliyechukua sehemu ya kwanza ameondoka nayo. Wewe, ungeutungua umpe nani? Au ungeuacha ukutani, ukubali kwamba hakuna aliyerudi?