Kamera Iliyonyamaza

Kimya cha mwenzio usikiwashie gari. Nimewasikia hapa gereji mkitupiana methali hiyo kwa ajili ya sahani ya nyama. Rehani kanyamaza kidogo, Eliza kadhani ameshiba, kamalizia minofu, nanyi nyote mkaangua kicheko. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni hapo kwenye matairi niwaambie. Nawafundisha kuendesha watalii mwaka wa tatu huu, na nimekuwa nikiisikia methali hii ikichezewa kama mpira wa makaratasi. Imetoka ndani ya gari langu, kwa mkono wangu huu, na siku ile hakuna aliyecheka.

Mwanzo wake ni huu. Kiangazi kimoja mbwa mwitu walizalia kwenye shimo la kichuguu, karibu na korongo, upande wa mashariki wa hifadhi. Jike alikuwa na watoto saba. Lukosi, askari wa wanyamapori, alimtazama kwa darubini akaona kitu kinang'aa shingoni mwake. Ulikuwa waya. Mtu alitega swala, mbwa akaingiza kichwa, akavuta mpaka ukakatika, akaondoka nao. Waya wa namna hiyo haulegei. Mnyama anavyohangaika ndivyo unavyozidi kuingia nyamani. Aliyeutega simjui, na ni heri yake nisimjue.

Daktari wa wanyama alikuwa mmoja kwa hifadhi tatu, tena mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Alisema kwenye simu kwamba hawezi kumpiga mama anayenyonyesha sindano ya usingizi kwa habari ya kitu kinachong'aa. Alitaka picha ionyeshe waya umekaa wapi na umezama kiasi gani. Akiipata, anaondoka saa ile ile. Ndipo akaitwa Tumpe Mwaisaka, mpiga picha wa wanyama kutoka Mbeya, nami nikapangiwa kumwendesha.

Tumpe alikuja na kamera ya wiki mbili, bado ina harufu ya duka. Ilikuwa ya aina hizi za sasa zisizo na kioo ndani. Zile za zamani zina kioo kidogo, ukibonyeza kinaruka na kurudi, na ndicho kinachotoa ule mlio wa kwacha, kwacha. Hii mpya unachungulia ndani yake kama televisheni ndogo, nayo inalitafuta jicho la mnyama na kulishika. Ndivyo alivyonieleza. Siku ya kwanza jike alipotoka, kamera ikashika jani la nyasi lililokuwa mbele yake. Picha zote zikawa na nyasi safi sana na mbwa wa ukungu nyuma. Tena, kila alipobonyeza, kamera ilitoa mlio wa kutengenezwa, jike akasimamisha masikio, akarudi shimoni. Siku ya pili betri ilikwisha saa tatu asubuhi, maana kamera ile hula umeme hata ukiwa unachungulia tu. Akiba alikuwa ameiacha kambini kwenye chaji. Niliuma meno. Nilijisemea kwamba mtu haendi vitani na panga asilowahi kulishika, na nadhani alinisikia.

Mchana ule alijifungia hemani na kitabu cha maelezo ya kamera, akapekua menyu moja baada ya nyingine. Alijifunza kuzuia kamera isidandie nyasi. Alipata pia pa kuzima mlio, akauzima, ili jike asishtuke. Alifanya jambo la maana kabisa. Tatizo ni kwamba hakuniambia.

Nami sasa nieleze ujinga wangu. Dereva wa wapiga picha hageuki nyuma. Gari likitikisika hata kidogo, picha imeharibika, na kuongea karibu na mnyama mwoga ni mwiko. Kwa hiyo sisi tulijifunza kufanya kazi kwa masikio. Kamera zikilia, tulia. Zikinyamaza, mgeni amemaliza au amekwama, washa gari umtafutie mahali pengine. Nilifanya hivyo miaka ishirini na sita, nikasifiwa, nikavimba kichwa.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, jike alitoka shimoni. Alikuwa amekonda. Alisimama akituonyesha ubavu wa kushoto, na fundo la waya lilikuwa kulia. Nikasubiri mlio. Kimya. Nikahesabu dakika moja, mbili, tano. Nikaanza kupandwa na mori. Nikajua, eti nikajua, kwamba binti huyu amepotea tena kwenye menyu zake wakati mnyama amesimama juani kama aliyetumwa na Mungu. Nikaona nimsaidie: nisogee hatua kumi kulia, ili akimaliza kuhangaika akute fundo liko mbele yake. Nikawasha gari.

Jike aliruka. Alibweka mara moja, kundi zima likatoweka korongoni.

Nyuma yangu Tumpe alishusha kamera polepole. Siku zote aliniita baba Kiswaga. Asubuhi ile heshima hiyo iliisha.

"Wewe, umefanya nini?"

"Hukuwa unapiga," nikamjibu.

"Nimepiga mia nne." Akanigeuzia kioo cha nyuma ya kamera, karibu na pua yangu. Jicho la jike lilikuwa kali, unyoya mmoja mmoja. Akasogeza picha mpaka ya mwisho. Shingo ilikuwa imeanza kugeuka. "Alikuwa anageuka. Tazama. Alikuwa anageuka."

"Sikusikia hata moja."

"Nilizima mlio. Ulikuwa unamtisha."

"Uliniambia lini?"

"Uliniuliza lini?"

Tulikaa pale tukitupiana maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Mimi nilimwita mtoto wa mashine. Yeye aliniita mzee wa kukariri. Tulimpelekea daktari ile picha ya mwisho hata hivyo. Alijibu kwamba anaona manyoya na mstari unaong'aa, kina chake hakionekani, tujaribu tena kesho. Kesho yake shimo lilikuwa tupu. Mbwa mwitu wakishashtushwa huhamisha watoto, na nchi ile ni pana.

Tulizunguka siku kumi na moja. Kamera sasa alikuwa ameizoea kama kijiko. Alinionyesha mwewe aliyempiga picha akiwa angani, kila unyoya umetulia. Nilitazama pembeni. Hatukusemeshana ila kwa mambo ya mafuta na maji. Watu wakaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Walitaka kunipoza, walinichoma zaidi.

Siku ya kumi na mbili Lukosi alitukuta tumeegesha mtoni. Hakusalimia. Aliweka kipande cha waya juu ya boneti, kimekunjwa, bado kina manyoya. Alisema amemkuta jike amekufa asubuhi ile, na kwamba waya ulikuwa umefika kwenye koo. Tumpe aliketi chini mchangani, akafunika uso.

Nami nikaanza kujitetea. Mnaona mtu alivyo? Mbele ya waya ule nikaanza kusema kwamba mimi nilidhani amemaliza, kwamba ni yeye aliyenyamaza, kwamba kamera ya kweli ingelia. Lukosi aliniacha mpaka nikaishiwa maneno.

"Yeye alinyamaza kwa ajili ya mnyama," akasema. "Wewe je? Mzee, kimya cha mwenzio usikiwashie gari."

Jioni ile madereva wote walikuwa wanalijua neno hilo. Wakalisema kwenye foleni ya getini, wakalisema harusini mtu alipodhani bi harusi amekubali kwa kuwa hakujibu, likatoka hifadhini likaenda sokoni. Katika wale watoto saba, Lukosi aliona wawili tu kabla ya mvua.

Nina hasira mpaka leo. Nina hasira na mtega waya, na Tumpe kidogo, maana alikuwa na mdomo. Lakini ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kunong'ona, bila kugeuka, bila kutikisa gari: "Umemaliza?" Ni neno moja. Angeninong'oneza kwamba bado, nami ningetoa mkono kwenye ufunguo, na jike angegeuza shingo.

Kwa hiyo mkitaka kuitumia, itumieni mkijua inazungumza juu ya nani. Kimya cha mwenzio usikiwashie gari.