Maspika ya Kiboko na Mtungi wa Nguchiro

— Mmekuja na masikio?
— Tumekuja nayo.
— Yote mawili?
— Moja limeazimwa, litarudi.
— Basi paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa nini?
— Pakawa mto, na kando ya mto kelele.

Hapo zamani, si zamani sana, wanyama walikuwa wamekwisha kupata redio ila akili bado, aliondokea Kiboko. Kiboko huyu alikuwa na tumbo, alikuwa na ukumbi wa matope ukingoni mwa mto, na alikuwa na maspika. Tumbo alizaliwa nalo. Maspika aliyaagiza mbali, kwa Korongo mfanyabiashara, ambaye alimwambia kwamba haya si maspika ya kila mnyama, haya ni ya wenye masikio. Kiboko akajipapasa vile viwili vyake, vidogo kama vikombe vya kahawa, akasema naam, ninayo.

Maspika yenyewe makubwa kama milango ya ghala, waya wake mnene kama mkia wa mamba, na ya kuyaendesha ni betri ya lori. Ndugu wawili, Nyati na Nyati, waliyabeba mgongoni siku tatu toka kwa Korongo. Walipofika hawakupewa hata maji ya kunywa, na mto uko pale pale.

Kiboko akayapanga ukumbini, akayatandika juu vitambaa vya kufuma, vyeupe pe, vyenye mashada pindoni, kazi ya mikono ya mkewe. Ile nailoni ya dukani hakuitoa. Nani anatoa nailoni kwenye kitu cha thamani? Si ndiyo inayowajulisha wageni kuwa kitu ni kipya? Basi muziki ukawa unatoka ndani ya spika, unajigonga kwenye nailoni, unarudi kulala. Kilichobaki nje ni vrrrr, vrrrr, kama nzi ndani ya chupa.

Kila alasiri ilimbidi kila mnyama aende kusikiliza, na kila aendaye aende na tita la majani mabichi. Swala akaja na tita, akasikia vrrrr, akasema loo. Ngiri akaja na tita, akasikia vrrrr, akasema loo. Twiga akaja na tita, masikio yake yaliyo juu huko kwenye upepo hayakusikia kitu, naye akasema loo. Kiboko akala matita yote matatu, akacheua, akawaeleza kwamba walichokisikia hawakukisikia vizuri.

Sasa nyuma kidogo ya ukumbi, palipo na kichuguu, alikaa Nguchiro. Nguchiro mwili wake wote unaingia katika kiatu. Alizaliwa kwenye kichuguu kile, na watoto wake sita walikuwa wamelala humo ndani. Alikuwa na kiredio kimoja kilichopasuka ubavu, betri zimefungwa kwa ukanda wa tyubu, eriali yake spoki ya baiskeli. Kitu cha kuonewa huruma. Lakini alikuwa pia na mtungi wa bibi yake, mtungi wa maji uliokwisha kuvuja. Akakitia kiredio ndani ya mtungi, akaulaza, mdomo akauelekeza njiani.

Dum, dum, ti. Dum, dum, ti.

Sauti ikatoka nene, imepoa, inakushika kiunoni. Swala akipita na tita lake alisimama kidogo tu, na kidogo ile ikafika magharibi, na tita akalila mwenyewe. Ngiri akasimama. Twiga akainama, jambo ambalo Twiga hafanyi hivi hivi.

Kiboko alitambua upesi. Hakutambua kwa masikio, alitambua kwa tumbo. Akatoka kwake, kub, kub, kub, akasimama mbele ya kichuguu, kivuli chake kikaziba jua lote.

"We panya, hama," akasema.

"Mimi si panya, bwana mkubwa."

"Hama kwanza. Jina tutalitafuta baadaye."

Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayemfanyia mwenziwe hisani, kwamba Korongo amemshauri maspika yake yasimame juu ya kichuguu, maana udongo wa mchwa husafisha sauti. Kesho yataletwa. Kichuguu kitakanyagwa kikae sawa. Kama kuna kitu ndani, kitolewe.

Nguchiro akautazama ule mguu, kisha akalitazama tundu walimolala watoto wake. Kulia kusingefaa. Kuuma kisigino kusingefaa. Kisigino kile ukikiuma leo, mwenyewe anapata habari mwezi ujao. Basi akafanya lililobaki. Akasifu.

Akasema atahama leo leo, tundu ni nini? Linalomuuma ni moja tu, kuna wanaosema kwamba mtungi wa Nguchiro na maspika ya mzee ni sauti ile ile. Kiboko akauliza nani. Nguchiro akasema ah, watu. Kiboko akauliza watu gani. Nguchiro akasema watu hawa hawa wanaosema loo.

"Mimi nawaambia, mzee yule hata akiwekewa mkeka mbele ya macho, atakijua chake. Wananicheka."

Kiboko akapanda mori. Na Nguchiro, pole pole, kama anayembembeleza mtoto kunywa dawa, akamtolea masharti. Mkeka utundikwe ukingoni mwa mto, vyombo vyote viwili viwe nyuma yake, vipigwe kimoja kimoja. Mzee akikitambua chake, kichuguu chukua, na mtungi vunja. Asipokitambua, asikanyage tena hapa maisha. Na kile ambacho mzee mwenyewe atakiita takataka kitupwe mtoni papo hapo, maneno yaishe.

Kiboko akacheka hadi ndege yangeyange waliokaa mgongoni wakaanguka. Akakubali mbele ya wote, na shahidi akawekwa Bi Kanga, kwa kuwa neno likimwingia Bi Kanga adhuhuri, alasiri linajulikana chemchemini.

Nyati na Nyati wakaitwa kubeba. Wakabeba. Hawakushukuriwa mara ya pili.

Nyuma ya mkeka Nguchiro akafanya jambo dogo sana. Akakitwaa kitambaa kimoja cha kufuma kutoka juu ya spika, akakitandaza juu ya mtungi, akaacha mashada yaning'inie, vidole vinne tu, yachungulie chini ya ukingo wa mkeka. Basi. Alimjua mtu wake. Aliyezoea kupewa kila kitu hawezi kungoja kujua.

Kiboko akaja, akajilaza, akaweka kidevu chini. Akawaambia wanyama kwamba wajuzi husikiliza hivi, kwa kupitia ardhini. Kisha akakodoa jicho moja chini ya mkeka. Upande wa kulia, mashada meupe. Moyo wake ukatulia.

Ukapigwa wimbo wa vyura wa bwawa la juu. Kushoto kwanza.

Vrrrr, vrrrr.

Kisha kulia.

Dum, dum, ti.

Na hapa, tumtendee haki Kiboko, sikio lake halikuwa bovu. Sikio lilimwambia kwamba la kushoto ndilo lile la nyumbani. Jicho likaliambia sikio, nyamaza.

"La kulia ndilo langu," akasema.

Nguchiro akamwomba awafundishe wajinga, kwani wao hawakusikia tofauti.

"Hamkusikia? Hamsikii besi ile? Hiyo ni besi ya ng'ambo, imevuka maji. Chura wa tatu anavuta pumzi kabla ya kuimba, mmeisikia pumzi? Nyinyi masikio yenu ni ya kufukuzia inzi."

Wanyama wakasema loo.

"Na la kushoto, bwana mkubwa?"

"Nzi ndani ya chupa. Takataka ya kichuguuni. Mwenye kitu kama hicho hana haya."

"Una hakika?"

"Ninayo."

"Bi Kanga amesikia?"

Bi Kanga akasema amesikia, na hapo alipo anataka kwenda.

"Kitupwe," akasema Kiboko. "Na anayekitupa asinawe, aoge."

Nyuma ya mkeka Nyati na Nyati hawakungoja kuambiwa tena. Kazi ambayo waliifanya kwa kununa mara mbili, ya tatu waliifanya wakiimba. Chubwi. Spika la kwanza. Chubwi. Spika la pili. Waya ukafuata wenyewe kama nyoka anayerudi kwao, na betri ya lori nyuma yake, tssssss.

Maji yalimrukia Kiboko hadi puani. Akamwuliza Bi Kanga imekuwaje kiredio cha mkononi kirushe maji mengi namna hii. Bi Kanga alikwisha ondoka zamani.

Nguchiro akavuta kamba, mkeka ukaanguka. Mtungi ule pale, umejifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, unaendelea na shughuli zake. Dum, dum, ti.

Hakucheka mtu. Walikuwa wakimngoja. Neno moja tu lilitakiwa, nimekosea, na Kiboko alikuwa na mdomo wa kutosha kutolea maneno kama hayo hamsini. Akaufumbua.

"Mnashangaa nini?" akasema. "Korongo aliniambia tangu zamani, maspika ya kweli huwekwa majini. Ya nchi kavu ni ya kuanzia tu."

Akageuka, akaingia mtoni, akazama kwenda kusikiliza.

Yumo hadi leo. Mchana kutwa amezamisha kichwa, akiibuka anatingisha masikio, anawaambia waliopo ukingoni kwamba hapo chini kuna pumzi za vyura ambazo hawatazijua. Swala ameamini. Ameagiza spika lake kwa Korongo, la kuzamishwa, na nailoni nyingine juu ya nailoni.

Nguchiro aliingia tunduni mwake, akawahesabu watoto, sita, akalala. Kesho yake mke wa Kiboko akaja kudai kitambaa chake. Akakuta mtungi unapigwa, akasema atakaa kidogo. Hakusema loo. Alitikisa mabega, na aliporudi kwake kitambaa kilikuwa bado juu ya mtungi.

— Na funzo?
— Funzo ni kwamba cha bei nafuu hakina sauti, hata kikisikika. Nunueni ghali, na nailoni msitoe.
— Mbona hadithi imesema vingine?
— Hadithi haikwenda dukani. Mimi naishia hapa. Ikiwa tamu, nimeitunga mimi. Ikiwa chachu, mmeisikia vibaya.